Farasi ananiuma nikimkaza mkanda: ni ujeuri au ni tandiko?

"Fundi, habari za kazi. Nina farasi maksai wa miaka 11, anaitwa Kaskazi, nilimleta Dar kutoka Arusha mwaka juzi. Jumamosi na Jumapili anabeba watoto ufukweni Kunduchi, na jioni za katikati ya wiki nampanda mwenyewe (nina kilo 78). Tandiko nililinunua kwa familia iliyokuwa inahama nchi. Limeandikwa 17, na waliniambia hiyo ndiyo saizi ya farasi wa kawaida. Sasa yapata miezi mitatu, nikianza kukaza mkanda wa tumbo analaza masikio na kutaka kuniuma. Pande zote mbili za mabega ameota manyoya meupe ambayo hakuwa nayo. Tandiko linakwenda kulia hata nikilinyoosha, na mimi nikishuka kiuno kinaniuma. Jirani ananishauri niongeze blanketi mbili chini. Fundi makochi wa Keko anasema atalijaza upya kwa siku moja. Kijana anayemtunza anasema farasi ameshakuwa mjeuri, apigwe kidogo. Nifanye nini? Ninunue tandiko jipya?"

Ndugu yangu, nashukuru umeeleza yote bila kuficha, maana dalili ulizozitaja zinasaidiana kusema jambo moja. Nianze na kijana wako. Asante ya punda ni mateke, ndivyo tulivyolelewa, na wengi wanaotunza farasi huibeba methali hiyo hadi bandani. Lakini mnyama mjeuri huwa mjeuri kwenye ndoo ya maji, kwenye kamba, kwa kila mtu. Kaskazi alikaa nawe zaidi ya mwaka bila shida, kisha akaanza kuuma kwa tukio moja tu: mkanda unapokaza. Hana njia nyingine ya kukwambia kwamba kinachofuata baada ya mkanda kinamuuma. Asipigwe. Akipigwa akanyamaza, utakuwa umepoteza kengele, na moto uko palepale.

Na kabla sijaendelea: wikendi hii watoto wasipande. Tandiko linalokwenda upande mmoja linaweza kuzunguka hadi tumboni na mtoto akiwa juu, na farasi anayeumwa akishtuka kwenye mawimbi hapimi aliyembeba ni nani. Najua wikendi ndiyo mapato yako. Hata hivyo, wasipande.

Sasa hiyo namba 17. Hili ni kosa ambalo nimekutana nalo mara nyingi kuliko kosa lolote. Namba hiyo ni inchi, na inampima mpandaji. Hupimwa kutoka kwenye kimsumari cha upande wa mbele hadi katikati ya ukingo wa nyuma, ili kujua makalio ya ukubwa gani yatakaa humo. Kuhusu mgongo wa farasi haisemi chochote. Upana wa farasi unatokana na kiunzi, yaani ule mfupa wa ndani wa mbao, chuma au plastiki ngumu ambao ngozi imeshonewa juu yake. Matandiko mawili yanaweza kuandikwa 17 yote, moja likamkaa farasi mnene kama pipa na jingine likamkaa aliyekonda kama ubao. Hao waliokuuzia huenda hawakukudanganya kwa makusudi. Lao lilimfaa farasi wao.

Ili uelewe kinachomuuma Kaskazi, mfikirie mama anayetoka bombani na ndoo ya lita 20 kichwani. Haiweki ndoo juu ya utosi mtupu. Anakunja kanga, anaizungusha, anatengeneza ngata yenye tundu katikati. Ngata inafanya kazi mbili: inausambaza uzito kwenye duara pana la kichwa, na lile tundu linauacha utosi bila kuguswa. Tandiko ni ngata ya farasi. Chini yake kuna mito miwili mirefu, kulia na kushoto, na katikati ya mito hiyo kuna mfereji. Uzito wako unatakiwa ushukie kwenye misuli miwili minene inayopita sambamba na uti wa mgongo, na uti wenyewe upite ndani ya mfereji bila kuguswa na chochote, awe amesimama, anakwenda telki (mwendo wa kutembea haraka) au anapiga kona. Wazo hili ni la zamani. Jeshi la Marekani lilipopitisha tandiko la McClellan mwaka 1859, lilikuwa na uwazi mrefu katikati, kiasi kwamba ukilishika juu unaona hadi chini. Wapanda farasi wa jeshi walijua kwamba mgongo ukishapata donda, askari anarudi kwa miguu.

Ngata ya mama huyo ingekuwa nyembamba kupita kiasi, uzito wote wa ndoo ungekusanyika sehemu mbili tatu, na kabla hajafika nyumbani angeanza kuisogezasogeza. Kaskazi hana mikono ya kuisogeza. Kiunzi kikiwa chembamba kuliko mgongo wake, upinde wa mbele wa tandiko humbana kama kibanio cha nguo, kushoto na kulia, chini kidogo ya nundu ya mabega, pale shingo inapoishia na mgongo kuanza. Halafu kuna jambo ambalo hata wapandaji wazoefu hulisahau: farasi hana mtulinga, ule mfupa tulio nao sisi kati ya shingo na bega. Mguu wake wa mbele umeshikizwa mwilini kwa misuli na kano peke yake. Kwa hiyo kila anapoupeleka mguu mbele, sehemu ya juu ya fupa lake pana la bega inarudi nyuma. Weka kiganja chako hapo huku mwenzako anamtembeza, utalisikia linavyoteleza. Tandiko jembamba, au lililowekwa mbele mno, linapigwa na fupa hilo kwa kila hatua. Hesabu hatua za farasi kutoka mwanzo wa ufukwe hadi mwisho na kurudi, halafu zidisha kwa watoto wa Jumapili moja.

Manyoya meupe yametoka hapo. Mgandamizo wa muda mrefu huzuia damu kufika kwenye ngozi, na chembe zinazoupa unywele rangi zinaharibika. Unywele unaoota baadaye unaota mweupe, na mara nyingi huo hubaki mweupe maisha yake yote. Kwa hiyo usiutumie weupe kupima kama tandiko jipya limefaa, maana ni kovu la yaliyopita na halitakuambia kitu kuhusu leo. Ila umesema yako pande zote mbili, mbele. Bila kumwona, hilo ndilo linalonifanya niegemee kwenye kiunzi chembamba kabla ya sababu nyingine.

Ukikubaliana nami hapo, utaona ushauri wa jirani yako unaelekea wapi. Chupa ya chai ambayo kifuniko chake hakiingii, ukiizungushia kitambaa shingoni kifuniko kitaingia? Blanketi mbili chini ya tandiko jembamba humnenepesha farasi na kuongeza kubanwa. Siku ya kwanza atatulia, kwa sababu kitu laini kimegusa mahali panapouma, na jirani atajisifu. Baada ya wiki mbili utakuwa umerudi ulipokuwa, na zaidi. Blanketi au pedi ina kazi yake kwa hali ya kinyume: tandiko ni pana kidogo, au farasi amekonda kwa muda kutokana na ugonjwa au ukame wa majani, na unataka kuziba nafasi hadi arudi mwilini. Hapo pedi moja nzuri inasaidia. Kwako wewe, kitambaa kimoja chembamba cha pamba cha kunyonya jasho kinatosha.

Tuje kwenye kupima. Hutahitaji chombo cha bei. Tafuta mahali tambarare pa zege, kwa sababu kwenye mchanga farasi huzama mguu mmoja na vipimo vyote vinadanganya. Asimame miguu minne sawasawa, kichwa kikiwa usawa wa kawaida, asiwe anakula.

Kabla ya tandiko, tumia vidole. Anzia nyuma ya nundu, pitisha ncha za vidole vitatu kwenye ile misuli ya kando ya uti, ukibonyeza kwa nguvu ya kubonyeza embe kujua kama limeiva, polepole hadi kiunoni. Fanya kulia, fanya kushoto. Farasi asiye na maumivu atakuachia au atafunga macho. Anayeumwa atabonyea mgongo kama anaukimbia mkono wako, au misuli itaruka, au atageuza kichwa. Andika ni wapi. Usiandike "mgongoni", andika "kiganja kimoja nyuma ya nundu, kulia".

Sasa tafuta ukingo wa nyuma wa fupa la bega na uupigie mstari wa chaki. Tafuta na ubavu wa mwisho: farasi ana mbavu 18 kila upande, na ule wa mwisho ukiufuata kwa kidole kutoka tumboni kwenda juu utakuonyesha mwisho wa eneo la kubebea. Nyuma ya hapo ni kiuno, hakuna mbavu za kukishikilia, na tandiko halitakiwi kuweka uzito huko. Piga mstari wa pili. Mara nyingi mwenye farasi akiiona mistari hii miwili kwa mara ya kwanza hushtuka jinsi eneo lenyewe lilivyo fupi.

Weka tandiko bila kitambaa chochote, mbele kidogo ya linapotakiwa, kisha livute nyuma taratibu likiwa limelala na manyoya, mpaka lisimame lenyewe. Karibu kila mpandaji huliacha mbele mno. Ncha ya mbele ya kiunzi inatakiwa ikae vidole viwili au vitatu nyuma ya mstari wako wa kwanza wa chaki. Funga mkanda kidogo, mtu mwepesi apande, uingize vidole chini ya upinde wa mbele: viwili au vitatu viingie vikiwa vimesimama kati ya upinde na nundu. Vikiingia vinne au zaidi, tandiko limeelea juu, ni jembamba. Kidole kikikosa nafasi, ni pana na linagusa mfupa. Pitisha kiganja bapa kati ya mto na bega kuanzia juu kwenda chini. Mgandamizo uwe ule ule njia nzima. Mkono ukikwama mahali fulani hadi unauma, pale ndipo Kaskazi anapoumia. Endelea na kiganja kuelekea nyuma. Kuna matandiko yanayogusa mbele na nyuma yakaacha pengo katikati kama daraja, na mengine yanayoyumba kama jahazi. Mwisho, chungulia kutokea nyuma: mfereji uwe wazi moja kwa moja hadi uone mwanga, upana wa vidole vitatu hadi vinne.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha waya. Nenda duka la vifaa vya umeme Kariakoo, omba sentimita 60 za waya mnene wa shaba wenye uti mmoja, ule usiojirudi ukishaukunja. Ulaze juu ya mgongo, vidole viwili nyuma ya fupa la bega, uubonyeze ufuate umbo la mwili kulia na kushoto. Unyanyue bila kuupinda, uweke juu ya boksi, chora mstari wa ndani, kata. Sasa una umbo la mgongo wa Kaskazi mkononi. Geuza tandiko, liingize boksi chini ya upinde wa mbele. Mistari ya boksi na ya mito iende sambamba. Boksi likigoma kuingia, jibu umelipata, na hujatumia hata nauli ya kwenda na kurudi Morogoro. Faida nyingine: ukisikia kuna tandiko linauzwa Arusha au Nairobi, unatuma picha ya boksi hilo na vipimo vyake kabla hujatuma pesa.

Lipime na tandiko lenyewe. Ulilinunua limetumika. Bana upinde wa mbele kwenye tumbo lako, shika ukingo wa nyuma kwa mikono miwili uuvute kwako. Kikalio kikikunjika na kuonyesha mikunjo kama uso wa mzee, au ukisikia mbao zikilia, kiunzi kimevunjika na hakuna fundi wa kukitibu. Angalia nyuzi za mikanda midogo ya kufungia. Dar ina chumvi na jasho, na masika ngozi huota ukungu hata ndani ya stoo, kwa hiyo uzi hupoteza nguvu huku ngozi ya juu inang'aa.

Kuhusu tandiko kwenda kulia, hapa naomba utulie nami, kwa sababu ndipo watu wanapokimbilia kulaumu tandiko likawa halina kosa. Linaweza kwenda upande kwa sababu mito imejazwa bila usawa, au kwa sababu bega moja la farasi ni nene kuliko jingine, jambo la kawaida kama sisi kuwa na mkono wa kulia wenye nguvu. Linaweza kwenda kwa sababu yako: ukiegemea bega moja, au ukipanda kutokea chini kila siku kwa kuning'inia upande wa kushoto. Lakini uchunguzi uliofanywa Uingereza umeonyesha kwamba tandiko linaloteleza daima upande ule ule mara nyingi huenda pamoja na kuchechemea kwa mguu wa nyuma, kuchechemea kudogo ambako mwenye farasi hakuoni. Mgongo unazunguka bila usawa, tandiko linafuata. Farasi waliotiwa dawa ya ganzi mguuni, kwa wengi wao tandiko lilinyooka. Kwa hiyo mwombe mtu mwenye uzani tofauti na wako ampande kwa dakika chache za kutembea tu, nawe usimame nyuma. Likienda kulia na kwake pia, usihangaike na sindano na uzi kwanza. Mwite daktari wa mifugo.

Fundi wa Keko simdharau. Mikanda iliyokatika na mishono iliyofumuka wanaitengeneza vizuri. Kujaza mito ndiko ninakokuogopa, na nina sababu. Miaka ya nyuma nilimpelekea fundi makochi mmoja tandiko lililogandamana, nikamwelekeza kwa simu aondoe yaliyomo, ajaze sufu. Nilipolifuata lilikuwa limevimba vizuri, linavutia kama mto wa bibi harusi. Wiki ya pili nikasikia mabonge chini ya kiganja, moja kubwa kama limau. Nikafumua mshono: sufi! Herufi moja tu. Sikuweza kumlaumu sana, maana Dar ukitaja kitu cha kujazia mto, sufi ndiyo inayomjia mtu kichwani. Sufi inamfaa aliyelala. Ikikandamizwa na kilo 70 hairudi, inagandana. Sponji ya godoro nayo inakaa wiki chache, kisha inabonyea hadi farasi anasikia mbao. Kinachotakiwa ni manyoya ya kondoo yaliyochambuliwa, yanayoingizwa kidogo kidogo kupitia matundu ya mito, huku anayejaza akirudi mara kwa mara kwenye mgongo wa farasi kupima. Fundi asiyemwona farasi anajaza kochi. Na hata akijaza vizuri namna gani, kujaza hakupanui kiunzi. Mito minene ndani ya kiunzi chembamba ni zile blanketi mbili za jirani, zimeshonewa ndani.

Kiuno chako nacho kina hadithi. Tandiko jembamba hunyanyuka mbele, kikalio kinakutupa nyuma, nawe unatumia kiuno kujivuta mbele saa nzima. Likiwa pana linaanguka mbele, unakaa juu ya mapaja. Ukitazama kutoka ubavuni, mahali pa chini kabisa pa kikalio pawe katikati, na mtu akikutazama aweze kuchora mstari kutoka sikio, bega, nyonga hadi kisigino. Ukiwa umekaa, kiganja kimoja kiingie kati ya makalio yako na ukingo wa nyuma. Kisipoingia, hilo 17 ni dogo kwako, na uzito wako unarundikana nyuma, karibu na mstari wa pili wa chaki. Urefu wa vikuku vya kupandia, yaani vile vyuma vya kukanyagia, unauanzia hivi: gusa kwa ncha za vidole chuma kinachoshikilia ukanda wa kikuku, nyoosha ukanda chini ya mkono, kikuku kifike kwapani. Kutoka hapo utaongeza au kupunguza tundu moja. Kanda za vikuku zibadilishane, ya kushoto iende kulia kila mwezi, kwa sababu ile ya kupandia hurefuka.

Kwa watoto, ongezea hili: kandambili na vikuku havipatani. Mguu ukipenya, mtoto anaburutwa. Viatu vya kufunika vyenye kisigino kidogo, kofia ngumu, na kikuku kiwe kipana kuliko kiatu kwa sentimita 2 na nusu hivi. Na wote, wewe ukiwemo, mpande kutokea juu ya kitu. Kreti ya soda hapana, inapinduka. Jenga ngazi mbili za zege, mara moja, yatosha.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza. Kilo 78 zako, na tandiko kilo 8, ni 86. Farasi wa ufukweni wengi si wakubwa. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma ya viwiko vya mbele, kwa sentimita. Uzidishe kwa wenyewe, kisha zidisha kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, ugawe kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa 168 na urefu wa 155 anakuja karibu kilo 368. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliona misuli ya farasi ikiuma zaidi mzigo unapofika asilimia 25 ya uzito wake, kwa hiyo wengi wetu tunaishia asilimia 20, mpandaji na tandiko pamoja. Kwa huyo wa mfano ni kilo 73 na ushei. Kwako ungehitaji farasi wa kilo 430. Na hapo sijahesabu joto la Dar wala mchanga laini, ambao unamchosha kuliko udongo mgumu. Ikiwa Kaskazi hafiki, tandiko jipya la bei yoyote litapunguza maumivu bila kuyaondoa. Watoto abebe, wewe utafute mwingine.

Kuna njia gani basi? Kama kiunzi ni kizima na boksi linakaribia kuingia, fundi wa matandiko anayejua kazi anaweza kukirekebisha kidogo, ingawa si kila kiunzi kinakubali na kikilazimishwa kinavunjika. Kama boksi halikaribii, uza tandiko, umwambie mnunuzi ukweli kwamba ni jembamba. Ukinunua, kwa hali ya hewa yetu ningechukua la sinthetiki lenye chuma cha mbele kinachobadilishwa, hata likiwa limetumika. Linaoshwa kwa maji, ukungu haulipendi, na farasi akinenepa au akikonda unabadilisha chuma badala ya tandiko zima. Si zuri kama la ngozi kwa macho, na wapandaji wa zamani watakucheka. Matandiko yasiyo na kiunzi nayo yanauzwa kwa maneno matamu. Kwa mtoto wa kilo 25 anayetembezwa kwa kamba ni sawa, kwa mtu mzima kila siku siyashauri, kwa sababu bila kiunzi uzito unashuka moja kwa moja chini ya makalio.

Lolote utakalochagua, likague kwa bafta. Nunua mita mbili nyeupe Mtaa wa Uhuru, itandike chini ya tandiko, mpande dakika 20, telki na matiti (mbio za polepole) kidogo, usimkimbize shoti. Ukiivua, alama za jasho na vumbi ziwe mapande mawili yanayofanana, na mstari safi katikati. Doa jeusi zaidi mahali pamoja, au kiraka kikavu katikati ya ulowevu, vinahitaji uchunguzi. Kiraka kikavu kinaweza kuwa mgandamizo uliofunga jasho, au pengo lisilogusa kabisa. Kiganja ndicho kitakachoamua.

Daktari wa mifugo usimngoje endapo kuna donda wazi, uvimbe wenye moto, farasi anabonyea mgongo ukimgusa, anachechemea, anajikwaa au anaacha chakula. Mtake aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na kwa tatizo gumu kuna madaktari wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mwambie kuhusu kuuma wakati wa mkanda, kwa sababu si tandiko pekee linaloleta hilo: tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, na aliyefanyishwa kazi na njaa hupata vidonda vya tumbo na kuuchukia mkanda vilevile. Mpe majani kidogo kabla ya kazi hata leo. Mkanda wenyewe ufunge kwa hatua tatu, kidogo, mtembeze, kidogo tena. Na usimpe dawa ya maumivu ili amalize Jumapili.

Mgongo upumzike bila tandiko hadi vidole vyako visimshtue tena. Mtembeze kwa kamba asubuhi kabla jua halijawa kali. Boksi liandike tarehe, lihifadhi, na baada ya miezi mitatu ukunje waya mwingine ulinganishe, kwa sababu misuli iliyokuwa imebanwa ikiachiwa hujaa na umbo hubadilika. Mwite na huyo kijana akushikie waya. Aweke kiganja chake chini ya mto wa tandiko wewe ukiwa umekaa juu, amtembeze farasi hatua kumi na mkono ukiwa humo, kisha umuulize tena kuhusu ujeuri.